Je, wajua kwa nini chuo chenye ada ya kutisha kinaweza kuwa nafuu kwa mtoto wa familia ya kipato kidogo?

Gharama ya mwaka mmoja Harvard, chuo kikuu maarufu cha Marekani, yaani ada, chumba na chakula, inazidi dola 80,000. Kwa shilingi za Tanzania hizo ni karibu milioni 200 au zaidi. Mzazi mwenye duka dogo Mwanza au shamba la mahindi Kitale akiona tarakimu hiyo anaachana na habari hiyo papo hapo, na mtoto wake hatumi maombi. Lakini kuanzia mwaka wa masomo 2025-26, familia yenye mali za kawaida na kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka hailipi kitu pale. Ada, malazi, chakula, bima ya afya, hata nauli, vyote vinabebwa na chuo. Na msaada huo hautofautishi Mmarekani na mgeni.

Siri yake ni wakfu. Harvard ina mfuko wa zaidi ya dola bilioni 50, uliotokana na michango iliyowekezwa kwa vizazi, na sehemu ya mapato yake hutumika kila mwaka kusomesha wasio na uwezo. Princeton, chuo kingine cha huko, ilitangulia mwaka 2001 kwa kuondoa mikopo kabisa kwenye msaada wake, kwa hiyo mwanafunzi anapewa ruzuku asiyotakiwa kuirudisha. Vyuo vya kawaida havina mifuko ya namna hiyo. Vinaweza kukudahili kwa furaha, vikakupunguzia ada kidogo, halafu vikakuachia pengo la dola 20,000 kila mwaka ambalo kwenu hakuna wa kuliziba. Ndiyo maana ada iliyotangazwa haisemi chochote kuhusu kile familia yako itakacholipa.

Sasa, je, utaingia? Hapo watu wengi huchanganya mambo mawili: nafasi ya kudahiliwa na nafasi ya kumudu gharama. Vipo vyuo ambavyo wanaochagua wanafunzi hawajali kabisa kama umeomba msaada wa fedha, na ukishachaguliwa wanagharamia upungufu wako wote. Kwa waombaji kutoka nje ya Marekani orodha hiyo ni fupi, na ndani yake wamo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst kwa miaka mingi, kisha Dartmouth na Bowdoin wakaingia mwaka 2022, na Brown na Notre Dame zikafuata kwa wanaoanza mwaka 2025. Karibu kwingineko kote, hata Stanford na Cornell, mgeni anayeomba fedha anajua kwamba uwezo wake wa kulipa unawekwa mezani wakati wa uamuzi. Wanafunzi wawili wenye matokeo yanayolingana, mmoja analipa mwenyewe na mwingine anahitaji kila kitu, hawako kwenye mstari mmoja.

Halafu kuna asilimia. Kwa darasa lililoanza mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 na kuchukua 1,937, yaani kama asilimia 3.6. Usiichukue hiyo kama nafasi yako. Ndani yake wamo wanariadha walioalikwa na makocha, watoto wa waliosoma hapo na watoto wa wafadhili. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba, kwa alama zilezile za SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya matajiri wa juu ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma kwenye vyuo hivi kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati. MIT hutoa takwimu za wageni peke yao: huwa karibu asilimia 2, wakati kiwango cha jumla ni kati ya 4 na 5. Mwombaji wa kwetu aanzie kwenye hiyo 2. Ni ndogo sana, na kumficha mtoto ukweli huo ni kumkosea.

Hata hivyo, kinachoniuma zaidi ni wale ambao hawakuomba kabisa. Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho ni cha umma, kilijaribu jambo moja mwaka 2015 pamoja na mtafiti Susan Dynarski na wenzake. Walichukua majina ya wanafunzi wa jimbo la Michigan waliofaulu vizuri na waliokuwa wakipata chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni kwa sababu ya kipato cha nyumbani. Baadhi yao wakatumiwa bahasha kubwa yenye rangi za chuo, ndani mna barua: omba, ukidahiliwa utasoma miaka minne bila kulipa ada, na huhitaji kujaza fomu yoyote ya fedha ili kupata ahadi hii. Wazazi nao waliandikiwa, na walimu wakuu wakaarifiwa.

Fedha zenyewe karibu zote hazikuwa mpya. Wengi wa wanafunzi hao wangesamehewa ada hata bila barua ile, maana kipato chao kiliwastahilisha tayari. Jipya lilikuwa uhakika, kuambiwa mapema na kwa maandishi. Kwa wasiopata bahasha, 26 kwa kila 100 waliomba. Kwa walioipata, 68. Waliojiunga wakapanda kutoka 12 hadi 27. Watoto walewale wenye alama zilezile, na kilichowatenganisha ni bahasha ya posta.

Kwetu bahasha hiyo haiji, ila njia zipo. Kenya kuna KenSAP, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki mwaka 1972, pamoja na John Manners. Unawachukua waliong'ara kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, na kuwaandaa kwa SAT, insha na fomu. Asiye na mpango wa namna hiyo anaweza kuanza peke yake. Ada ya kutuma maombi, ambayo mara nyingi ni dola 75 hadi 90, husamehewa ukiomba. Vyuo vingi hutaka fomu ya fedha iitwayo CSS Profile, na kuna vyuo vinavyompa mgeni fomu yao isiyo na malipo akiwaandikia. Mzazi asiye na hati ya mshahara aeleze kwa maandishi anauza nini, anavuna magunia mangapi, anasomesha wangapi. Kazi hiyo ianze miezi kadhaa kabla, kwa sababu dirisha la kawaida la maombi kwenye vyuo vingi hivi hufungwa siku za mwanzo za Januari.