Uvimbe wa tezi za juu ya figo: mazoea yapi yana uzito

Hakuna chakula, mitishamba wala zoezi lililothibitishwa kuzuia uvimbe wa tezi za adrenali. Nalitanguliza hilo kwa sababu swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu tezi hizi huwa ni "nile nini?", ilhali mazoea yetu huingilia jambo hili kwa mlango mwingine: yanazidisha madhara ya uvimbe, yanauigiza, au yanauficha vipimoni.

Tezi zenyewe ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, na uzito wake ni gramu 4 au 5 tu. Ganda la tezi hutoa homoni za aldosteroni na kotisoli. Kiini hutoa adrenalini. Uvimbe mwingi unaoota humo si saratani wala hautoi homoni yoyote, na hugunduliwa kwa bahati mtu anapopigwa picha ya CT kwa maradhi mengine. Saratani ya ganda ni nadra mno, mtu 1 au 2 katika kila milioni kwa mwaka. Kuna pia feokromositoma, uvimbe wa kiini unaomwaga adrenalini, na karibu theluthi ya wagonjwa wake wamerithi hitilafu ya jeni. Huko mlo hauna kauli. Waulize wazee wa ukoo kama kuna aliyepasuliwa tezi hizi au tezi ya shingoni.

Chumvi ndiyo ya kuongelea sana. Uvimbe wa aldosteroni huiamuru figo irudishe sodiamu na kumwaga potasiamu. Chumvi ikizidi, sodiamu nyingi zaidi hufika kwenye mirija ya figo, potasiamu nayo hutoka kwa wingi, presha inapanda na misuli inalegea. Kunywa madafu na kula ndizi ilhali chumvi iko palepale ni kujaza mtungi uliotoboka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kasoro ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwemo chakulani. Kwetu imejificha kwenye papa mkavu, ng'onda, achari na vibonge vya mchuzi. Papa mroweke usiku kucha, mwaga maji, mchemshe, umwage tena. Chumvi ya Gongoni au ya mawe ya waridi, sodiamu ni ileile. Ile "chumvi ya wagonjwa" yenye potasiamu usiiguse bila kuuliza ikiwa una ugonjwa wa figo au unameza spironolaktoni, dawa ya kuizuia aldosteroni.

Miraa na muguka ni waigizaji hodari. Kathinoni iliyomo hupandisha presha na kuupeleka moyo mbio, mambo yaleyale ya feokromositoma. Ukiagizwa kukusanya mkojo wa saa 24 ili homoni zipimwe, acha miraa, muguka, sigara na kahawa kuanzia siku moja kabla hadi umalize kukusanya. Mtajie daktari dawa zote unazotumia, hata panadol na za mafua, kwani baadhi huvuruga majibu.

Kukusanya kwenyewe ndiko kunakoharibika. Ukiamka saa 12 asubuhi, haja ndogo ya kwanza iende chooni, haihesabiwi. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, hadi ile ya kesho saa 12, ambayo inahesabiwa. Ukiiweka na ya kwanza, jibu linapanda; ukisahau moja, linashuka. Dumu la maabara mara nyingi lina asidi, kwa hiyo tumia jagi kisha umimine polepole. Kwa joto la Lamu, liweke kwenye kasha la barafu kama la wavuvi, na lisikae juani botini mkivuka kwenda Mokowe.

Kipimo cha potasiamu nacho kina hila yake. Usikunje na kukunjua ngumi unapotolewa damu. Damu ikicheleweshwa kabla ya kupimwa, potasiamu huvuja kutoka kwenye chembe zake, na upungufu wa kweli husomeka kama kawaida.

Zoea linaloniudhi kuliko yote ni mkorogo na vidonge vya kunenepesha. Krimu nyingi za kung'arisha zina klobetasoli, na vile vidonge mara nyingi ni deksamethasoni, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli. Uso unakuwa mviringo, tumbo linajaa, mapaja yananyong'onyea, mistari ya zambarau inatokea: sura kamili ya uvimbe wa kotisoli, na uvimbe haupo. Pombe ya mnazi ya kila siku kwa wingi nayo inaweza kuleta sura hiyo. Ila usiache vidonge ghafla. Tezi zimelala, na kuziamsha kunachukua wiki hata miezi. Ukikatiza, utatapika, presha itaanguka, na unaweza kufa. Beba pakiti na vikopo vyote kwa daktari, akupunguzie dozi kidogo kidogo.

Anayestahili kupimwa ni mwenye presha kabla ya miaka 40, mwenye presha isiyoshuka kwa dawa tatu, mwenye potasiamu pungufu, au anayeshikwa kwa vipindi na kichwa, jasho na moyo kwenda mbio. Huyo wa mwisho asianzishiwe propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, peke yake, na uvimbe wake usichomwe sindano ya kutoa kinyama kabla feokromositoma haijaondolewa shaka: sindano hiyo inaweza kumwaga adrenalini yote kwa mkupuo.