-te shimau: Si kila mara mtu anajuta

Kila muhula mwanafunzi mpya ananiambia kwamba -te shimau, umbo linaloongezwa mwishoni mwa kitenzi cha Kijapani, maana yake ni "kwa bahati mbaya". Hapana! Kosa hili linawaharibia Kijapani wanafunzi wengi wa N4 (ngazi ya pili kutoka chini ya mtihani wa Kijapani wa JLPT), kwa hiyo naanza nalo.

Kazi ya -te shimau ni kuonyesha kwamba jambo limetendeka likaisha, na halirudishiki. Hisia huletwa na jambo lenyewe. Ukisema "Saifu o wasurete shimaimashita", pochi imebaki nyumbani nawe uko stesheni, basi majuto yanasikika bila kutafutwa. Lakini mwenye kusema "Shukudai wa mō yatte shimatta" kamaliza kazi zake zote za shule alizopewa afanye nyumbani, katua mzigo. Ukimpa pole atakushangaa. Akikwambia "Yatte shimaō", anataka mmalize kazi yote sasa hivi, iishe. "Waratte shimatta" ni kwamba alijikuta amecheka, kicheko kimemtoka kabla hajakizuia. Na aliyependa bila kupanga husema "Suki ni natchatta" (kifupi cha natte shimatta), huku uso unang'aa.

Kwa hiyo ile kadi yako ya kukariria maneno uliyoandika "-te shimau = kwa bahati mbaya", naomba uichane. Andika sentensi nzima, na chini yake andika nani anasema na kimetokea nini. Nawasisitizia hili kila darasa, kwa sababu kadi ya neno moja ndiyo inayozaa sentensi za ajabu ninazosahihisha.

Wengine hudhani anayejuta ni mtendaji. "Otōto ga watashi no kēki o tabete shimatta": mdogo wangu kala keki yangu, pengine bado analamba vidole kwa raha. Mwenye uchungu ni mimi ninayesema.

Wapo wanaoibandika kwenye jambo ambalo hawakulifanya, wakaandika "ikanakute shimatta". Ukijutia kutokwenda, sema "Ikeba yokatta" (laiti ningekwenda), basi.

Si ya wakati uliopita tu. "Isoganai to okurete shimau yo" ni onyo: usipoharakisha utachelewa.

Kuhusu -chau, kifupi cha -te shimau katika mazungumzo, eti ni lugha ya watoto na wasichana: si kweli. Tabechatta (nimekula), wasurechatta (nimesahau), nonjatta (nimekunywa), watu wazima wa kike na wa kiume huyasema kutwa nzima wakiwa na wenzao. Osaka utasikia hata "tabete mota". Tofauti iko kwenye heshima. Kwa bosi au mteja rudi kwenye -te shimaimashita.

Na tafadhali, usidhani ukishaitumia umeomba radhi. "Okurete shimaimashita" peke yake inaeleza tu kwamba umechelewa na hukupenda iwe hivyo. Mbele ya bosi tanguliza "Mōshiwake arimasen" (naomba radhi sana), ndipo ueleze.