Ramani ya tovuti haiorodheshi faili za diski yako

Miongoni mwetu tunaotengeneza tovuti za hoteli za Nyali na za maduka ya Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, imezoeleka kusemwa kwamba ramani ya tovuti ni orodha ya faili zilizomo katika folda ya mradi. Sivyo. Ramani ya tovuti, ambayo kwa kawaida hupewa jina sitemap.xml, ni faili ya maandishi inayozijulisha injini za utafutaji anwani za kurasa ambazo mwenye tovuti angependa zitembelewe. Google ndiyo iliyouleta muundo huu mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakaukubali.

Faili iliyo kwenye diski ina njia yake, tuseme C:\miradi\hoteli\vyumba.html, na njia hiyo haina maana nje ya kompyuta hiyo moja. Anwani ndiyo inayomfikisha kwenye ukurasa huo mtu aliye Kisumu au ng'ambo, na kanuni za muundo zinataka iandikwe kamili, kuanzia http au https, pamoja na jina la kikoa, yaani jina la tovuti kwenye mtandao. Viwili hivi havilingani daima. Faili ya index.html iliyo ndani ya folda kwa kawaida hufunguka kwa anwani inayoishia na mkwaju (/) tu. Windows haitofautishi Vyumba.html na vyumba.html, ilhali kwa seva (kompyuta zinazohifadhi tovuti) za Linux, ambazo ndizo nyingi, hizo ni faili mbili. Tena tovuti ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, yaweza kuwa na mamia ya kurasa zisizo na faili zake za HTML, kwa kuwa hutungwa kutoka kwenye hifadhidata kila zinapoombwa.

Ramani inaweza kutengenezwa kabla tovuti haijapandishwa kwenye seva, lakini kila mbinu ina kasoro yake. Programu inayosoma folda na kugeuza njia za faili kuwa anwani itabeba hata rasimu na nakala kuukuu ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifuta (vyumba-mpya2.html, sote tunaifahamu). Aidha, huenda ikachukua tarehe ya faili kuwa ndiyo lastmod, yaani tarehe ukurasa ulipobadilishwa mwisho, hata kama faili iliguswa kwa kuhamishwa tu, ilhali Google huizingatia tarehe hiyo pale tu inapoaminika. Priority (umuhimu wa ukurasa) na changefreq (unabadilika mara ngapi), ambazo watu huhangaika kuzijaza, haizitazami kabisa. Ukiiendesha tovuti kwa XAMPP, programu inayoigeuza kompyuta yako kuwa seva ya majaribio, na kuiacha programu ifuate viungo, kurasa zisizounganishwa na nyingine zitaachwa nje, na kila anwani itaanza na http://localhost, jina ambalo kwa kila kompyuta lina maana ya kompyuta hiyo yenyewe. Injini ya utafutaji ikipewa anwani hiyo haitafika kwenye meza yako Bamburi.

Kwa hiyo mwenzetu anayesema kwamba ramani yake iko tayari kwa kuwa programu imehesabu faili zote, tumwombe kwa upole aifungue kwa kihariri cha maandishi na kusoma kilichomo katika loc ya kwanza, yaani sehemu inayobeba anwani ya ukurasa. Akikuta C: au localhost, abadilishe sehemu hiyo kwa kikoa cha mteja katika faili nzima, aondoe rasimu, kisha ndipo aipandishe.