Ile 400 ya Mario sio sekunde

Huku Mtwara kwenye vibanda vya gemu tangu wadogo tunaambizana ile 400 ya muda inayohesabu kushuka juu ya skrini, steji ya kwanza kwenye gemu la Super Mario Bros ya 1985, ni sekunde. Sio kweli jamani. Namba inashuka moja kila fremu 24 (fremu ni picha moja ya skrini), na mashine ya gemu inachora fremu kama 60 kwa sekunde, kwa hiyo moja ni sekunde 0.4 tu, 400 nzima inaisha ndani ya dakika 2 na sekunde 40 hivi, pima na simu uone. Tena ukimaliza steji nyingi gemu halikuvushi hapo hapo, linasubiri zamu ya kila fremu 21, kama pantoni ya Msangamkuu tu, uwahi kidogo usiwahi mnavuka pamoja. Ndo maana mtu anayekimbiza kumaliza gemu haraka anaokoa fremu tano halafu muda wake wa kumaliza haubadiliki, anasingizia taima mbovu.