Kwa nini wodi nzima inapumua mara 20

Chukua chati za wodi yoyote ya wagonjwa waliolazwa, usome safu ya upumuaji kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Utakuta 20, 20, 18, 20, 20. Mzee mwenye nimonia, kijana aliyevunjika mguu, mama aliyepasuliwa jana, wote wanavuta pumzi pamoja kama wanakwaya. Presha zao zinatofautiana, na joto pia, kwa sababu hivyo vina vifaa vyake. Upumuaji kwenye wodi zetu nyingi hauna kifaa. Unamtaka muuguzi asimame, atazame kifua cha mgonjwa na kuhesabu dakika nzima. Wagonjwa 40 ni dakika 40, na hana hizo dakika. Anaandika 20 na kusogea kitanda kinachofuata.

Ajabu ni kwamba hicho ndicho kipimo ambacho mara nyingi hubadilika mapema kuliko vingine mgonjwa anapoanza kuzidiwa. Wodini kwetu tulikubaliana kuhesabu kwa kutazama saa, dakika nzima, wale walio hoi tu. Wengine wakiwa wametulia, safu ibaki wazi. Mkaguzi akaandika kwamba chati zetu hazijakamilika.

Mimi ni muuguzi mkunga na nimesimamia wodi. Swali ninaloulizwa sana na watu wa utawala ni kwa nini wauguzi hawapendi kuandika. Wanaandika mchana kutwa! Mwombe muuguzi aliye zamu akuonyeshe kilichoko mfukoni mwake. Utaona kikaratasi, pengine kipande cha boksi la glovu: kitanda 6 dripu inaisha saa nne, kitanda 11 mkojo kidogo kwenye mfuko, mwambie daktari, kitanda 14 ndugu wamefuata damu. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kweli ya wodi. Imeandikwa tukio likiwa bichi, kwa Kiswahili, na mtu anayejua kwamba baada ya nusu saa ataihitaji. Zamu ikiisha inatupwa. Kwenye faili inabaki sentensi ya Kiingereza isemayo mgonjwa hana malalamiko mapya, aendelee na matibabu yaleyale.

Kikaratasi kina msomaji, sentensi ya kwenye faili haina. Miaka yote niliyokaa wodini sijaona sababu nyingine yenye uzito kuliko hiyo.

Chuoni tunawafundisha wanafunzi kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Siupendi msemo huo, ingawa najua ulikotoka. Unamzoesha kijana kumwandikia hakimu, na anayemwandikia hakimu huandika cha kujikinga. Tazama mahali maandishi ya muuguzi yanapokuwa marefu ghafla na kuwa na saa na dakika: ni pale daktari alipopigiwa simu asipokee. Hapo kila kitu kimeandikwa. Jinsi mgonjwa alivyolala, maumivu yalivyoanza, alikula nini, hayamo.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi ni partogramu, grafu ya maendeleo ya uchungu. Mwaka 1972, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walichapisha grafu yenye mistari miwili. Mstari wa tahadhari unapanda sentimita moja ya njia kufunguka kwa kila saa. Mstari wa kuchukua hatua uko saa 4 kulia kwake. Saa hizo 4 zilikuwa na kazi: kumpa mkunga wa kliniki ya pembeni muda wa kumfikisha mama kwenye hospitali yenye uwezo wa kumsaidia. Karatasi ilibuniwa imjibu mkunga aliye mbali na daktari: subiri, au ita gari. Shirika la Afya Duniani likaijaribu Indonesia, Malaysia na Thailand kwa wanawake zaidi ya 35,000, na matokeo yaliyotoka 1994 yalionyesha uchungu wa kupita saa 18 umeshuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Ni fomu chache mno hospitalini zinazoweza kujitetea hivyo.

Sasa fungua kabati la mafaili ya wazazi. Utakutana na partogramu zenye mstari ulionyooka kabisa, wino mmoja, mapigo ya moyo ya mtoto 140, 140, 138, 140 usiku kucha. Zimejazwa mtoto akiwa tayari ananyonya. Kabla hujamlaani mkunga, piga hesabu. Mikazo hupimwa kila nusu saa, kwa kuweka mkono tumboni dakika 10. Akiwa na akina mama wanne kwenye uchungu, mikazo peke yake inadai dakika 40 katika kila dakika 30, na hapo hajasikiliza mapigo ya mtoto wala kupokea anayezaa.

Basi kwa nini aijaze asubuhi, wakati haina faida tena? Kwa sababu msimamizi akija huangalia kama imejazwa, ni nadra aulize ilijazwa saa ngapi. Na kwa sababu ya vikao vya kujadili vifo vya uzazi. Vikao hivyo kwa mwongozo wake si vya kutafuta mchawi, lakini aliyewahi kusikia mwandiko wake ukisomwa mbele ya wakubwa hatarudia kuacha safu wazi. Ataijaza hata kwa kubuni. Hofu imetupatia mafaili kamili ambayo hayawezi kumfundisha mtu kitu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu nyingine. Mistari ile miwili imeondoka, hatua ya uchungu kukolea inahesabiwa kuanzia sentimita 5, pembeni kuna safu ya viwango vya tahadhari, na namba iliyovuka inazungushiwa duara. Chini, mkunga anaandika uamuzi wake. Hapo ndipo naipendea. Ila duara haliongezi mkunga wa pili.

Tena uzazi mmoja hauishii kwenye grafu. Kuna kadi ya kliniki ya mama, faili, kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) cha wodi ya wazazi, kadi ya mtoto, tangazo la kizazi, na fomu ya bima kama anayo. Jina, umri, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto: vilevile, mara kwa mara. Muuguzi anayenung'unikia kuandika, mara nyingi ananung'unikia kunakili.

Kompyuta ziliahidi kumaliza hilo, na zinaweza. Lakini wodi ikiwa na kompyuta moja na mtandao unaokatika, tunaandika kwenye karatasi kisha tunaingiza tena usiku. Foleni ya mashine nayo imezaa nywila ya pamoja. Ukisoma mfumo utamwona muuguzi mmoja amelaza wagonjwa, amegawa dawa na kupima presha siku tatu mfululizo bila kulala. Ni jambo la kucheka mpaka siku dawa ikikosewa, maana jina litakaloitwa ni lake.

Kilichobadilisha maandishi wodini kwetu hakikuhitaji fedha. Tuliacha makabidhiano ya zamu ya mezani. Sasa yanafanyika kitandani kwa kila mgonjwa, na anayepokea ndiye anayesoma faili kwa sauti, aliyeandika akiwa amesimama pale pale. Ile sentensi ya "aendelee na matibabu yaleyale" ilianza kupotea yenyewe, kwa sababu mwenzako anakutazama na kuuliza, yapi? Yale ya kwenye kikaratasi yakaanza kuhamia kwenye faili, mengine kwa Kiswahili kitupu, na sijamkataza mtu. Makabidhiano sasa yanachukua muda mrefu zaidi, na zamu ya usiku, ambayo saa hiyo inawaza daladala na kitanda, imeshanilalamikia kwa mkuu wa wauguzi.