Funguo za New York ziko Albany

Zohran Mamdani aliposhinda umeya wa New York, Novemba 2025, kundi letu la WhatsApp la maofisa wa fedha wa halmashauri lilijaa pongezi kana kwamba ameshinda kijana wa mtaa wetu. Sababu ipo. Alizaliwa Kampala mwaka 1991, na baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Pongezi zikiwa bado zinamiminika, mwenzetu mmoja, akikumbuka ahadi ya Mamdani ya kufanya mabasi ya jiji yawe bure, akaandika: "Hongera zake. Ila hayo mabasi ya bure, fedha zitatoka kifungu gani?"

Nimeandaa bajeti za halmashauri kwa miaka kumi na tisa, na swali hilo lilinikaa kichwani. Habari nyingi zinaeleza safari ya meya huyu kama pambano lake na matajiri. Pambano hilo lipo. Lakini mimi nikizisoma ahadi zake kwa jicho la mtu wa bajeti, ninachokitazama kwanza ni nani anashika ufunguo wa kila sanduku.

Tuanze na cheo chenyewe, maana neno moja linaweza kutupoteza. Kwetu Tanzania Mstahiki Meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na utendaji uko mikononi mwa mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Meya wa New York huchaguliwa na wananchi moja kwa moja na ndiye mtendaji mkuu. Anateua wakuu wa idara na kamishna wa polisi, na anaandaa bajeti ya zaidi ya dola bilioni 110 kwa mwaka, kwa jiji la watu kama milioni 8 na nusu. Ukiishia hapo utadhani ana uwezo wa kufanya lolote. Kisheria, hata hivyo, jiji lile liko chini ya jimbo. Makao ya jimbo yako Albany, kilomita 240 hivi kuelekea kaskazini, na huko ndiko bunge na gavana wanakoamua jiji litoze kodi zipi na kwa viwango gani.

Kodi kubwa ambayo jiji linaweza kuipandisha bila kuomba ruhusa ni moja tu, ya majengo. Meya Michael Bloomberg aliipandisha kwa asilimia 18.5 mwaka 2002, jiji likiwa na pengo kubwa la bajeti. Tatizo ni kwamba kodi hiyo haichagui bilionea. Inamkuta pia fundi mstaafu wa Queens, sehemu mojawapo ya jiji, ambaye mali yake yote duniani ni kijumba kimoja.

Kwa hiyo Mamdani alipoahidi kuongeza asilimia 2 ya kodi ya mapato kwa wanaopata zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, aliahidi kitu ambacho hawezi kukisaini yeye. Alipata kura zaidi ya milioni 1, na bado anapaswa kwenda Albany kuomba. Gavana Kathy Hochul alimuunga mkono kwenye uchaguzi, lakini alishasema hataki kupandisha kodi ya mapato, na yeye mwenyewe ana uchaguzi Novemba 2026 mbele ya wapigakura wa jimbo zima. Wasomaji wanaokumbuka ukusanyaji wa kodi ya majengo ulivyohamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA mwaka 2016 watanielewa: unapanga matumizi huku chanzo cha mapato kiko kwa mwingine.

Hofu ya Albany juu ya fedha za jiji ina historia. Mwaka 1975, chini ya Meya Abraham Beame, New York ilikaribia kufilisika. Kwa miaka jiji lilikuwa limekopa mikopo ya muda mfupi kulipia matumizi ya kawaida, mishahara ikiwemo, kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhasibu hufundishwa kuliepuka. Mabenki yakaacha kununua hatifungani zake, yaani hati ambazo jiji huuza ili kukopa fedha. Oktoba mwaka huo jiji liliokolewa dakika za mwisho, baada ya mfuko wa pensheni wa walimu kukubali kununua hatifungani za dola milioni 150. Jimbo likaunda bodi ya kusimamia fedha za jiji, maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi, na mwaka 1976 chuo kikuu cha jiji kikaanza kutoza ada baada ya miaka 129 ya elimu ya bure. Tangu hapo sheria inadai bajeti isawazishwe kila mwaka. Ninapowasikia vijana wakiuliza kwa nini meya asikope tu, nawarudisha mwaka huo. Maumivu yale hayakuwafika wakopeshaji kwanza. Yaliwafika walimu, wazoa taka na wanafunzi wa familia maskini.

Sasa mabasi. Wakala wa usafiri, MTA, ni wa jimbo. Gavana ndiye anayemteua mwenyekiti wake. Meya anapendekeza wajumbe wanne tu wa bodi. Nauli ni dola 3 tangu Januari 2026. Mwaka 2023 hadi 2024 njia tano zilijaribiwa bila nauli, Mamdani akiwa mmoja wa wabunge wa jimbo waliolipigania jaribio hilo, na abiria waliongezeka. Makadirio ya Mamdani ni kwamba mabasi ya bure jiji zima yangegharimu kama dola milioni 700 kwa mwaka. Lakini kuna jambo ambalo halitajwi sana kwenye mikutano ya hadhara: mapato ya nauli ni sehemu ya dhamana ya hatifungani za MTA. Ukiifuta nauli, lazima uwaoneshe wenye hatifungani chanzo kingine cha uhakika, na kiandikwe kisheria. Jambo hilo linawezekana, ila linahitaji saini za watu wengi ambao hawakuchaguliwa pamoja naye.

Ahadi ambayo ufunguo wake uko karibu zaidi na mkono wake ni kusimamisha kodi ya pango isipande, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, maana nimekuwa mpangaji zaidi ya nusu ya maisha yangu. Karibu nyumba milioni 1 za kupanga New York zina pango linalodhibitiwa. Kiwango huamuliwa kila mwaka na bodi ya watu tisa, na wote tisa huteuliwa na meya. Chini ya meya wa zamani Bill de Blasio bodi hiyo iliweka ongezeko la sifuri kwa mikataba ya mwaka mmoja mwaka 2015, 2016 na 2020, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni ndoto.

Ugumu unaanza pale gharama za jengo zisiposimama pamoja na pango. Bima inapanda, riba inapanda, mabomba ya jengo la mwaka 1925 yanapasuka bila kusubiri kikao cha bodi. Zamani mwenye nyumba angeweza kuongeza pango kwa kiasi kikubwa mpangaji akihama. Sheria ya jimbo ya mwaka 2019 ikaufunga mlango huo, na nadhani ilifanya vizuri, kwa sababu mlango huo uliwafanya wengine wawasumbue wapangaji wa siku nyingi ili waondoke. Lakini kwa jengo la Bronx, sehemu nyingine ya jiji, ambalo nyumba zake zote zinadhibitiwa, hesabu inabana kwelikweli. Meya anaweza kumpunguzia mwenye jengo kodi ya majengo au kusaidia matengenezo, na kila punguzo hilo ni shimo jipya kwenye bajeti inayopaswa kusawazishwa. Ningekuwa ofisini kwake ningeomba kusimamisha pango na mpango wa matengenezo viende mezani siku moja. Mpangaji aliyeokolewa na pango lakini anayelala bila joto kwenye baridi ya Januari hajaokolewa vya kutosha.

Kuhusu polisi nitasema kidogo. Desemba 2014 askari walimgeuzia migongo de Blasio kwenye mazishi ya mwenzao. Mamdani amembakiza kamishna Jessica Tisch aliyemkuta, uamuzi uliowakera baadhi ya wafuasi wake. Mimi naona alichagua kutopigana vita mbili kwa wakati mmoja.

De Blasio anafundisha jambo jingine pia. Mwaka 2014 alitaka kuwatoza matajiri ili watoto wa miaka minne wasome chekechea bure. Gavana Andrew Cuomo alikataa kodi hiyo, lakini jimbo likatoa fedha, na watoto wakaingia madarasani. Januari 2026, wiki moja tu baada ya Mamdani kuapishwa, yeye na Hochul walisimama pamoja kutangaza malezi ya bure kwa watoto wa miaka miwili, jimbo likigharamia miaka miwili ya kwanza.

Nikamwandikia mwenzangu kwenye kundi: kifungu cha watoto kimepatikana kabla ya cha mabasi, na kina fedha za miaka miwili. Akajibu haraka, "Na mwaka wa tatu?" Nimeliandika swali hilo kwenye daftari langu, chini ya lile la kwanza.