Vikundi vya kuacha pombe: unavipata wapi, na ukifika unafanya nini

Nina miaka saba sijagusa pombe, na kila wiki kuna mtu ananiuliza kuhusu vikundi. Maswali yanafanana sana, nayajibu hapa.

Hivi hivyo vikundi ni kanisa, ni hospitali au ni nini?

Ni watu waliosumbuliwa na pombe wanakaa pamoja kama saa moja wanaongea namna ya kukaa bila kunywa, basi. Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, wenyewe tunasema AA. Kilianza 1935 mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi, mlevi aliyekuwa ameacha kunywa, alikuwa huko kikazi, dili limeharibika, baa ya hoteli inamwita, akaamua kushika simu atafute mlevi mwenzie wa kuongea naye, akapelekwa kwa daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith aliyekuwa hoi kwa pombe. Mpaka leo ndo kitu hicho hicho, mlevi kuongea na mlevi. Na inasaidia kweli, mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000 wakaona watu wanaounganishwa na AA kwa mpangilio mzuri wanakaa bila pombe sawa au zaidi ya wanaopewa tiba nyingine za mazungumzo.

Naweza kuacha leo ghafla halafu kesho nikaenda?

Hapa naomba usome taratibu. Kama unakunywa kila siku, asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache mwenyewe chumbani. Ndani ya siku mbili za kwanza unaweza kupata degedege, na kuanzia siku ya pili ya tatu hivi wengine wanachanganyikiwa, wanaona vitu ambavyo havipo, joto linapanda, mapigo yanaenda mbio, na hiyo inaua. Watu wanasema karogwa au mashetani yamempanda wanampeleka kwa mganga huku muda unaenda. Nenda hospitali, sema ukweli unakunywa nini na kiasi gani, gongo sema gongo, watakupa dawa za kutuliza mwili na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Kikundi hakina dawa, kinakusubiri ukitoka.

Navipataje huku kwetu?

Miji kama Dar, Arusha, Nairobi na Mombasa ina mikutano ya AA. Mikoani ndo kazi. Anzia kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, muulize nesi au ofisa ustawi wa jamii, hao wanajua nani anakutana wapi. Soba hausi, yani nyumba wanakokaa watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya, nyingi zinafuata hatua 12 za AA, ule mwongozo wake wa kuacha hatua kwa hatua, nenda uliza kama mtu wa nje anaruhusiwa kukaa kwenye kikao. Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure. Ukikosa kabisa kuna mikutano ya Zoom, bando tu. Na kwa utaratibu wa AA hata walevi wawili watatu wakikaa kusaidiana kuacha wanaweza kujiita kikundi, kwa hiyo usiseme kijijini kwetu haiwezekani.

Kuna kiingilio? Na nikilazimishwa kuongea?

Hakuna kiingilio, kinapita kikapu cha kodi na chai, huna pitisha. Jina moja linatosha. Sharti ni kutaka kuacha, hata kama jana ulikunywa, mi mara ya kwanza nlifika nanuka na nlipewa kiti. Mmoja anafungua, zinasomwa hatua, kila mtu anaongea kwa zamu na hakatizwi wala hapewi mahubiri. Zamu ikikufikia sema leo nasikiliza, inapita. Ukikuta jirani yako au bosi wako ndani usishtuke, na yeye amefuata kilichokuleta, na yanayosemwa mle yanabaki mle. Mkutano wa kwanza usipokugusa nenda mwingine, mi wa tatu ndo nlimsikia mama mmoja anaelezea alivyokuwa anaficha chupa kwenye gunia la mchele, nikasema huyu ananisema mimi.

Mi ni Muislamu, nasikia wanasali?

Hatua zinamtaja Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomfahamu. Zanzibar soba hausi zimetumia hatua hizo miaka mingi na wengi mle ni Waislamu.

Shikamoo dada, mume wangu hataki kwenda, nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Huwezi kumburuta. Ila acha kumlipia madeni ya kilabuni, acha kumpigia bosi wake kusema ana malaria, maana unamziba asione anapoelekea. Nenda wewe. Kuna mikutano ya wazi ambayo hata asiyekunywa anakaribishwa, na kuna Al-Anon ya ndugu wa walevi tangu 1951, huku kwetu ni michache ila ya mtandaoni ipo. Akikupiga, wewe na watoto ondokeni kwanza, hilo halisubiri aache pombe.

Nimerudia baada ya miezi minne, naona aibu kurudi.

Rudi mkutano unaofuata, usingoje mwezi uishe. Mpigie sponsa wako leo, yani yule mzoefu anayekushika mkono kwenye hatua, mwambie ilianzia wapi, mshahara, msiba, ugomvi, ili mjue pa kuziba. Na kama umekunywa wiki nzima mfululizo, pitia hospitali kwanza kama nlivyosema hapo juu.